Vifaa vya Kuunda Modeli za Majahazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi Dar es Salaam, na jioni zangu nyingi huishia mezani, mbele ya chombo cha urefu wa mkono mmoja ambacho hakijapigwa mbao zote. Sisi tunaounda majahazi, mashua na ngalawa ndogo tunajuana, na mmoja wetu akinunua kifaa kipya wenzake humzunguka: umekipata wapi, kinakata vipi, hela yako imerudi? Maswali ni yale yale, nami nimechoka kuyajibu nusunusu. Hapa nimeyajibu kwa ukamilifu. Bei sikuziandika kwa sababu hubadilika duka kwa duka.

Msimamo wangu niuseme mapema: hela ipeleke kwenye makali na kwenye vipimo. Vilivyobaki utavipata soko la jirani, na vingine utavikuta jikoni kwako.

Ndiyo kwanza naanza. Ninunue nini?

Kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma ya sentimita 30, msasa wa namba tatu tofauti, chupa ya gundi nyeupe ya mbao, kibano kidogo cha ncha nyembamba, na dazeni mbili za vibanio vya kuanikia nguo. Pa kukatia, kipande cha plaiwudi kinatosha. Usikatie juu ya kioo, kinaua makali kwa siku moja.

Vibanio chukua vya mbao, usichukue vya plastiki. Vua ile waya ya katikati, geuza vile vijiti viwili mgongo kwa mgongo, kisha rudisha waya mahali pake. Utapata kibanio chenye mdomo mrefu na bapa, kinachofika ndani kabisa ya mataruma (mbavu za chombo) na kushika ubao bila kuuminya. Nina vibanio vya chuma vya kuagiza, vizuri kweli, lakini nikipiga mbao za ubavuni mkono wangu unakwenda kwenye lile kopo la vibanio vya nguo.

Baada ya hapo usinunue kitu mpaka umemaliza kiunzi cha kwanza: mkuku (uti wa chini wa chombo), hanamu (mti wa mbele), fashini (mti wa nyuma) na mataruma. Ukifika hapo utajua mwenyewe kazi ilikukwama wapi, na hicho ndicho kifaa chako cha pili.

Kisu kipi hasa? Kila mtu anasema lake.

Nenda duka la vifaa vya hospitali, uombe mpini wa kisu cha upasuaji namba 3. Mpini huo unapokea wembe namba 10, 11 na 15. Namba 11 umenyooka na una ncha kali. Huu ndio wa kukata mbao nyembamba na kuchonga pembe. Namba 15 una tumbo dogo la mviringo, mzuri kwa kupunguza ukingo wa ubao kidogo kidogo. Wembe huuzwa kwa boksi la 100, na boksi moja litakufikisha mbali. Angalia usipewe mpini namba 4. Huo unapokea wembe namba 20 hadi 24, mikubwa mno kwa kazi yetu.

Wengi huanza na kile kisu cha plastiki cha kuvunja wembe kipande kipande, kinachouzwa maduka ya vifaa vya ofisini. Kwa karatasi hakina neno. Kwenye mbao wembe wake hucheza ndani ya ala, na ukikaza mkono unapinda na kutoka nje ya mstari.

Wembe wa upasuaji utoe kwa koleo, na mdomo wa koleo uelekee mbali nawe. Mimi niliutoa kwa vidole, mkono ukiwa na gundi, ukateleza. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilishonwa nyuzi tatu, na hadi leo ncha yake haihisi uzi mwembamba ninapofunga kamba. Wembe uliokwisha tia kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko. Usiutupe peke yake kwenye taka. Kuna mtu atakayeishika ile mifuko.

Nimeona watu wananunua zile mashine ndogo za kuzungusha. Na mimi ninunue?

Si mwanzoni. Jina linalotajwa sana ni Dremel, kampuni iliyoanza mwaka 1932 huko Racine, Wisconsin, na siku hizi mashine za Kichina za mtindo huo zimejaa madukani. Nyingi hufika mizunguko 30,000 na zaidi kwa dakika. Kwa kuchimba ndani ya gogo, kusugua chuma au kukata msumari, ni msaada mkubwa. Lakini kwa kutoboa tundu la nusu milimita kwenye ubao wa milimita moja, hata mwendo wake wa chini kabisa ni wa kasi mno: mbao inaungua, ncha inakatika, na kabla hujainua mkono tundu limehama.

Ukiamua kununua, ijaribu dukani. Iwashe kwa mwendo mdogo, uitazame ncha ikizunguka. Ikionekana kama vivuli viwili, mhimili wa katikati umepinda. Iache.

Sasa matundu ya misumari nitoboe kwa nini?

Kwa keekee, drili ya mkono. Fundi wa vyombo pwani hii ametoboa mbao za majahazi kwa keekee ya upinde vizazi na vizazi, na hesabu yake kwenye modeli haibadiliki: mwendo wa pole, nguvu kidogo, macho kwenye ncha. Yangu nimeitengeneza kwa spoku ya baiskeli, kipande cha mwanzi na uzi wa kushonea viatu. Juu nimeweka kifuu cha nazi kilichochongwa, ndicho ninachokikandamiza kwa kiganja.

Kama huna subira ya kutengeneza, kuna vishikio vidogo vya chuma ambavyo huzungushwa kwa vidole. Vina taya za kubana ncha nyembamba za milimita 0.3 hadi 3. Hicho kinunue, ni kidogo na kinadumu. Kwenye ncha zenyewe uwe mwangalifu. Zile zenye kishina kinene na pete ya rangi zimetengenezwa kwa mashine za kutoboa bodi za umeme. Ni kali sana, lakini ni ngumu kama kigae na ukizitumia kwa mkono zinakatika. Omba za chuma cha kawaida cha kutobolea, ambazo hupinda kidogo kabla ya kuvunjika.

Misumari yenyewe ni waya wa shaba. Nenda kwa mafundi wa kufunga mota za umeme, wana mabaki ya waya wa nusu milimita. Kwangua ile vanishi ya nje kwa msasa, kata vipande, tia kwenye tundu kwa tone la gundi, kisha sugua vichwa vikae sawa na ubao. Wiki ikipita shaba inafifia na kuwa kahawia, na ubavu wa jahazi unaonyesha safu ya vichwa vya misumari vile vile kama chombo kilichopandishwa mchangani.

Kalipa ya dijitali ina faida gani? Rula si inatosha?

Rula inatosha kwa urefu. Kwa unene haitoshi, na kalipa ni kifaa cha taya mbili cha kupimia unene. Chukua jahazi la mita 15 uliunde kwa kipimo cha 1:50, litakuwa sentimita 30. Ubao wa ubavuni wa milimita 40 unakuwa milimita 0.8. Kamba ya milimita 24 inakuwa chini kidogo ya nusu milimita. Hapo jicho linadanganya. Wenzangu wawili wamenunua kalipa mwaka huu, na wote wanasema wangeinunua kabla ya kitu kingine chochote, nami nakubaliana nao. Toa betri kama hutaitumia wiki nzima, kwa maana nyingi hula betri hata zikiwa zimezimwa.

Kama ndiyo unaanza, chagua kipimo cha 1:25. Chombo kile kile kitakuwa sentimita 60, mbao zitakuwa nene kiasi cha kushikika, na makosa yatarekebishika.

Msasa namba ngapi?

Namba 120, 240 na 400. Namba ikipanda, msasa unalainika. Msasa wa maji wa namba 600 hadi 2000 utaupata kwa wauza rangi za magari, nao utautumia zaidi kunolea kuliko kusugulia mbao: ubandike juu ya kioo kinene, tia maji, nolea patasi yako hapo, malizia kwenye mkanda wa zamani wa ngozi.

Mbao gani? Mvule haufai, ndiyo mbao ya majahazi yenyewe?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake ni kinyume cha tunavyotarajia. Mvule ni mbao nzuri sana kwa chombo kikubwa. Kwenye modeli, vitundu na mistari yake havipungui pamoja na kipimo. Ubao wa upana wa milimita 4 wenye mistari mikubwa ya mvule unaonekana kama ubao wa ajabu uliokatwa kwenye mti wa urefu wa mlima. Mtiki nao una shida hiyo hiyo.

Tafuta mbao yenye chembe za karibukaribu: mpera, mchungwa, mlimau, mbuni. Hizi haziuzwi kwa wauza mbao. Unazipata mtu anapopogoa au kukata mti uani kwake, na wengi watakupa bure ukiwaeleza unafanya nini. Pasua tawi likiwa bichi, paka rangi au nta miisho yote miwili ili lisikauke kwa haraka na kupasuka, liache kivulini miezi mingi. Mimi huandika mwezi na mwaka kwenye kila kipande kwa kalamu ya wino mzito.

Vijiti vya aiskrimu na vya mishikaki si vya kudharau. Kijiti cha mshikaki ni mwanzi, kikisuguliwa ncha moja kiwe chembamba kinafaa foromali, ule mti unaobeba tanga. Balsa, ambayo hulimwa kwa wingi Ecuador, ni nyepesi na inakatika vizuri, ila ni laini mno kwa mbao za ubavuni. Itumie kujaza ndani, pasipoonekana.

Kwa kupinda ubao huhitaji kifaa cha kununua. Uloweke kwenye maji ya moto, kisha uvute polepole juu ya kopo la chuma lililopata moto, au tumia ncha ya pasi ya zamani. Mbao ikipata joto na maji hulegea, ikipoa inabaki na umbo ulilolipa. Ukisikia mlio mdogo kama wa kuvunja tambi, umeharakisha.

Gundi je? Niliambiwa superglue inamaliza kila kitu.

Haimalizi. Gundi nyeupe ndiyo gundi yako ya kila siku. Inakupa dakika za kusogeza ubao ukae sawa, inafutika kwa kitambaa chenye maji, na ikikauka inashika kuliko mbao yenyewe.

Superglue ni ya kushikiza kwa haraka na ya kukazia mafundo ya kamba. Hukauka kwa unyevu, kwa hiyo kwetu pwani inakamata upesi kuliko maelekezo yanavyosema, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye mbao nyeusi. Tia tone kwenye kipande cha bati, uchukue kwa ncha ya sindano. Usiifute kamwe kwa pamba: pamba na gundi hiyo vikikutana vinazalisha joto, vinaweza kutoa moshi na kukuunguza. Vidole vikishikana, asetoni ya kutolea rangi ya kucha itasaidia, usivivute kwa nguvu. Chupa ambayo haijafunguliwa itunze kwenye friji, lakini ikitoka huko iache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, ama sivyo mvuke wa hewa utagandia ndani na gundi itakwisha nguvu.

Ile gundi ya mirija miwili inayochanganywa inafaa chuma na mbao vinapokutana, kama vile pini za usukani.

Na wale wanaounda ndege na magari ya plastiki ya Tamiya au Airfix: gundi yao huyeyusha plastiki ili pande mbili ziungane. Kwenye mbao haifanyi kazi. Mwenzetu mmoja aliagiza chupa mbili kabla ya kujua hilo.

Kamba na tanga nipate wapi?

Tanga ni merikani. Kitambaa hicho cha pamba kilipata jina lake kwa sababu karne ya 19 kilikuwa kikiletwa Zanzibar na meli za Wamarekani, nyingi zikitoka Salem, Massachusetts, kwa hiyo kina haki yake kwenye modeli ya chombo cha pwani hii. Omba chembamba kuliko vyote walivyo navyo dukani. Kifue kwanza kitoke wanga, kisha kichemshe kwenye chai ya rangi iliyokolea hadi weupe ule wa dukani uondoke. Kianike kivulini. Panga za tanga, yaani vile vipande vya kitambaa vinavyoungwa kufanya tanga, usizishone moja moja kwa kipimo cha 1:50. Mshono wowote wa mkono utaonekana mnene kama mkono wa mtu. Ziandike kwa penseli ngumu iliyochongwa vizuri.

Kamba ni uzi wa pamba, si nailoni. Nailoni inang'aa na haikubali kulala, kila fundo linataka kufunguka. Chukua uzi wa cherehani, nyuzi tatu, zifunge kwenye msumari, upande mwingine kwenye kile kishikio cha ncha za kutobolea, zungusha mpaka zikaze, kisha zikunje zijisokote zenyewe. Kwa kifaa kimoja umepata kamba za unene wowote: demani na joshi (kamba za kushikia tanga), na ya kupandishia foromali. Zipitishe kwenye nta ya nyuki ili yale manyoya ya pamba yalale.

Rangi na mafuta: ninunue kompresa ya kupulizia?

Kwa jahazi, hapana. Majahazi mengi hupakwa mafuta, na rangi ni mistari michache tu, basi brashi nzuri mbili zinatosha. Kompresa wanaihitaji wenzetu wa plastiki.

Watu hupaka modeli mafuta ya nazi. Usifanye hivyo. Mafuta ya nazi hayakauki. Chombo kitabaki na utelezi, kitakusanya vumbi na mwishowe kitanuka. Nunua mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yanayouzwa kwa wauza rangi. Paka kidogo, futa yote, subiri siku nzima, rudia. Na hapa nakuomba unisikilize: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kuachwa kwenye kona hujipasha joto chenyewe na kinaweza kushika moto bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke, au kitie kwenye kopo la maji kabla ya kukitupa.

Rangi za gari zenye dawa ya kukaushia, wanazochanganya kwa chupa mbili, ziache. Zina kemikali zinazoharibu mapafu, na barakoa ya kawaida haizizuii.

Barakoa ni lazima? Vumbi lenyewe ni dogo.

Lile dogo ndilo linaloingia ndani zaidi. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Mninga na mvule zinajulikana pia kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Vaa barakoa ya N95 au FFP2, ya kitambaa haisaidii. Sugua nje kila inapowezekana.

Kuagiza vifaa nje: nijihadhari na nini?

Kwanza, rangi na gundi zinazoshika moto hazipokelewi kwenye posta ya ndege. Kifurushi changu kimoja kilikaa wiki saba nchi ya tatu, kikarudishwa kwa muuzaji kwa sababu ya kichupa kimoja cha gundi ndani ya vifaa vya chuma. Agiza vyuma peke yake. Vimiminika nunua hapa, au vipitishe kwa mawakala wa kontena wanaoleta mizigo kwa meli, ukiwaambia wazi ni nini.

Pili, kodi. Katika orodha ya kimataifa ya forodha, modeli za kupunguzwa kipimo ziko kifungu 9503, pamoja na vichezeo, na vifaa vya mkono viko mahali pengine. Mwambie muuzaji aandike kitu kilivyo na bei yake halisi. VAT hupigwa juu ya bei, nauli na ushuru kwa pamoja, kwa hiyo fanya hesabu ya kitu kikiwa mkononi mwako, si ya kwenye skrini.

Tatu, kwa wanaopeleka modeli nje: kama umetumia mpingo kwa mapambo, jamii yake imo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Bidhaa iliyokamilika yenye mpingo usiozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja imeondolewa masharti hayo tangu 2019, lakini andika aina ya mbao kwenye karatasi za mzigo.

Mwanangu ana miaka 10 na anataka kuanza. Nimnunulie nini?

Dada yangu, mpe msasa, gundi nyeupe, vijiti vya aiskrimu na gogo laini. Wembe ushike wewe, umkatie anapochora mstari. Ngalawa ndogo inayoelea kweli itamfurahisha kuliko jahazi la kabatini.

Vifaa vyangu vinaota kutu ndani ya mwezi mmoja.

Hewa ya bahari haina huruma. Futa kila chuma kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kabla ya kulala. Vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu visitupwe, vijaze kwenye sanduku la vifaa. Usiweke patasi ndani ya ala ya ngozi, ngozi hunywa unyevu na kuushikilia.

Je, ninunue seti nzima ya patasi au moja moja?

Moja moja. Nilinunua seti ya patasi 12 kwenye boksi zuri la mbao, kila moja na mpini unaong'aa. Siku ya kwanza, kwenye mlimau mkavu, makali yalijikunja kama ukingo wa karatasi. Nilinoa, yakajikunja tena. Chuma chenyewe kilikuwa laini, na hakuna kunoa kunakotibu hilo.

Nilichofanya baadaye ni kuzunguka kwa wauza vyuma chakavu. Nikapata patasi moja ya upana wa robo inchi, nyekundu kwa kutu, haina mpini. Niliilaza kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikaisugua kwa brashi ya waya, na chini ya kutu likatokea neno Sheffield, mji wa Uingereza unaosifika kwa vyuma. Niliivalisha mpini wa mpera niliouchonga mwenyewe, nikainoa kwenye kioo mpaka ikanyoa nywele za mkono. Mwaka wa nne huu, na hanamu ya chombo kilichopo mezani sasa nimeichonga kwa patasi hiyo.